Makaburi Yasiyodidimia

1

Maalim Shaame alinipigia simu saa mbili asubuhi, akanitaka niende makaburini. Anayemjua Maalim ataelewa kwamba maji yalikuwa yamemfika shingoni, maana ndiye huyo huyo aliyenizuia nje ya ukuta siku tulipomzika baba yangu, akaniambia mwanamke akitaka kulia akalie nyumbani.

"Njoo na kile kioo chako," akasema. "Na shangazi yako usimwambie kitu."

Makaburi ya Mtondooni yako ufukweni, au tuseme yalikuwa. Bahari imepanda, imekula ukuta wa mashariki na safu nzima ya mababu, na sheha alikuwa ametupa mpaka mwisho wa bamvua lile, siku za maji makubwa, tuwahamishe waliobaki kwenda mlimani. Siku mbili za mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Makaburi ya zamani yalikuwa na udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Wanaume walikusanya mifupa michache, wakaifunga katika sanda mpya, wakaiombea dua na kuipandisha. Siku ya tatu wakaingia kwenye safu mpya.

Maalim alinipokea mlangoni bila kunitazama usoni. "Sogea, Daktari," akasema, naye tangu nizaliwe huniita Raya.

Nikasogea. Ndani ya mwanandani alikuwa amelala Faki bin Hamad, mume wa shangazi yangu Kazija, fundi wa kiwanda cha barafu, aliyekufa kwa homa ya siku tatu miaka kumi na minane iliyopita. Sanda ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Yeye mwenyewe hakuwa amegeuka kitu. Ndevu zake fupi zilikuwepo, kovu la kuungua kwenye kifundo cha mkono lilikuwepo, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana. Hapakuwa na harufu yoyote. Hapakuwa na siafu wala nzi.

Mimi ni mtu wa maabara, nimepasua samaki maelfu, lakini nilishika ukuta.

"Walii," alinong'ona mmoja wa wachimbaji. "Subhanallah! Tumeishi na walii, na sisi kila siku kumtania!"

Si kwamba walikuwa wajinga. Kwetu kila mtoto aliyepita chuoni ameambiwa kwamba ardhi haiwali wapenzi wa Mungu. Ukifukua kaburi la miaka kumi na minane ukamkuta mtu mzima, utasema nini kingine? Kabla ya saa nne kitambaa cha kijani kilikuwa kimeshaletwa, ubani unafuka, na watu wa kijiji cha pili wanaulizana njia. Wazee wenye akili zao walikuwa wanalia waziwazi.

Mimi nilikitoa kioo changu.

2

Kioo changu tunakiita Sikio. Ni kipande cha ukubwa wa kiganja, na ndani yake wamelala bakteria ambao hawana kazi nyingine ila kusikiliza. Wakisikia wenzao wanaitana, hugeuka zambarau.

Kwani bakteria wanaoozesha huitana. Mmoja akitua juu ya samaki hafanyi chochote. Anatoa chembe ya kemikali, kama mtu anayepiga hodi, kisha anangoja. Wakiwa wachache, hodi zinapotea. Wakiwa wengi, hodi zinajaa, kila mmoja anajua kwamba wametimia, na hapo wote kwa pamoja wanamwaga vimeng'enya na kazi inaanza. Kuoza ni mkutano, na bila akidi mkutano haufanyiki.

Miaka ishirini na saba iliyopita shangazi Kazija alikuja kwenye kituo chetu cha utafiti wa bahari na kigunia cha mwani mwembamba mwekundu, akakimwaga juu ya meza yangu juu ya karatasi zangu. Alikuwa ameona kwamba kamba za shamba lake la mwani zilizoota mwani ule hazishiki utelezi, na kwamba samaki kama kibua akifungwa ndani yake hukaa wiki nzima bila kunuka. "Nyie mliosoma mtueleze," akasema. Nikaeleza, ilinichukua miaka miwili. Mwani ule unatoa kitu kinachoziba masikio ya bakteria. Hauwaui. Wako hai, wamejaa tele, lakini kila mmoja anaamini kwamba yuko peke yake.

Kitu hicho nikakiita Kimya. Nikakipandikiza kwenye mwani tunaolima, na haikupita miaka mitatu samaki walioogeshwa maji ya mwani wetu wakawa wanafika Tabora bila barafu, macho yanang'aa, mashavu mekundu. Watoto wa bara ambao hawakuwa wakijua ladha ya jodari wakaijua. Viwanda vya barafu vikafungwa, na Faki akaniambia huku anacheka, "Raya, umeniulia kazi, lakini watoto wanashiba. Haya, nimekusamehe." Nilijivuna siku ile. Bado najivuna, sitasema uongo.

Basi pale makaburini niliweka udongo kidogo wa kaburi la Faki juu ya kioo. Kikabaki cheupe. Nikaweka udongo wa kaburi la bibi mmoja aliyezikwa kabla sijazaliwa, na kabla sijamaliza kusoma Fatiha, zambarau ilianza kwenye pembe, ikaenea, ikakijaza kioo chote. Nimeona jambo hilo mara nyingi, na kila mara hunishangaza: maelfu kwa maelfu wasioonekana, wote wanaitana, wote wanajibiwa.

"Maalim," nikasema, "fungueni kaburi jingine la safu hii. Lolote."

Likafunguliwa la jirani. Lilikuwa la Ngwali Mbwana. Mungu amrehemu Ngwali, lakini hapakuwa na tundu la pweza la mwenziwe ambalo hakulipitia kabla ya mwenyewe, wala kigingi cha shamba la jirani ambacho hakukisogeza. Alikufa ana kesi tatu kwa sheha. Naye alikuwa mzima, amependeza kuliko alivyokuwa hai.

Mchimbaji mmoja aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kofia.

Maalim alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ikiwa Ngwali ni walii," akasema polepole, "basi mie ni malaika, na hilo najua si kweli." Kisha akanigeukia. "Raya, kuna kitu nilikuwa nakiona na sikukielewa. Kaburi hudidimia. Mwaka wa kwanza, wa pili, udongo unakaa. Haya ya miaka ishirini hayashuki hata kidole. Nikasema labda vijana wa siku hizi wanashindilia vizuri."

"Ni samaki, Maalim," nikasema. "Ni samaki wangu. Kimya hujikusanya katika mafuta ya mwili. Tumekila miaka yote hii, wazima na marehemu."

Maalim alikwenda mwenyewe kuondoa kile kitambaa cha kijani, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni.

3

Shangazi Kazija hakuhitaji kuambiwa. Mtondooni habari haina miguu lakini inafika. Alitoka moja kwa moja shambani kwake, kanga imelowa hadi magotini, kamba ya mwani bado begani, anahema kwa ule moyo wake ambao daktari alishamkataza kuupandisha mlima. Maalim alisimama mlangoni. Nilidhani atamzuia. Alimtazama, akapisha.

Shangazi alikaa chini kando ya mumewe. Ana miaka sitini na sita. Faki alikufa hajafika hamsini. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka wanaume wakageuza nyuso.

"Faki," akasema. "Hebu nione. Nimekuwa mama yako."

Akamweka sawa sanda begani, kama anavyorekebishwa mtu anayekwenda msikitini. Akapitisha kidole juu ya lile kovu. "Miaka kumi na minane naomba, Mola mpumzishe, Mola mpumzishe. Kumbe hajapumzika. Kakaa tu, kama abiria aliyesahauliwa bandarini." Ndipo akaniangalia. "Watu wanasema walii. Wee unasemaje?"

Nikamwambia yote. Sikumficha kitu. Alisikiliza huku anaikunja ile kamba ya mwani mikononi mwake, pindo kwa pindo.

"Kwa hiyo ni majani yangu," akasema.

"Ni kazi yangu, shangazi."

"Majani yangu, kazi yako. Lawama tusiigombanie, inatutosha wote wawili." Akamgeukia Faki. "Na mie nitakuwa hivi?"

"Ndiyo."

"Tumeumbwa kwa udongo na udongoni tutarudi. Hilo tumeahidiwa, Raya, mtu anakufa kwa raha kwa sababu ya ahadi hiyo. Mie sitaki kuwa jodari wa mlimani." Wanaume wawili walicheka bila kutaka, na yeye mwenyewe akatabasamu, kisha machozi yakamshuka. "Hilo ulilolifunga, linafunguka?"

Niliangalia baharini. Ningeweza kusema hapana. Hakuna mtu pale ambaye angejua.

"Linafunguka," nikasema.

4

Miaka sita iliyopita nilipiga mbizi kwenye mkondo wa nje, mahali penye kina, kutafuta kwa nini mwani wetu unapauka kila msimu. Nilichokikuta chini sijawahi kumsimulia mtu vizuri. Samaki waliokufa walikuwa wamelala tabaka juu ya tabaka, changu na pono na tasi, rangi zao zote zimo, mistari yao ya manjano na buluu inang'aa katika mwanga wa taa yangu kama siku waliyokuwa wanaogelea. Majani ya mikoko yalikuwa mabichi. Palikuwa na pomboo amelala ubavu, macho wazi, na kwenye jicho lake nikaiona taa yangu. Uzuri ule ulinitisha. Nilining'inia pale mpaka hewa ikakaribia kuisha, naogopa kugusa kitu.

Hapo nilielewa. Bahari hula wafu wake. Kinachokufa juu hushuka, huoza, kikawa chakula cha mwani, na mwani ukawa chakula cha kila kitu. Mimi nilikuwa nimekatiza njia katikati.

Kiumbe pekee aliyekuwa anatambaa pale chini alikuwa jongoo bahari mmoja, amekonda. Katika utumbo wake nikakuta bakteria aliyejifunza kukila Kimya chenyewe. Nilimpa jina Mnadi, kwa sababu mahali alipopita, sauti hurudi. Nimemfungia kituoni, kwenye jokofu lenye kufuli mbili, tangu siku hiyo. Niliandika ripoti kwa tume ya utafiti. Tume ikaomba takwimu zaidi. Nikapeleka. Ikaomba zaidi.

Nilimfungia kwa sababu Mnadi hatii mpaka. Ukimmwaga juu ya kaburi moja, mvua ya kwanza itamshusha baharini. Ndani ya mwaka atakuwa pwani yote, na baada ya hapo samaki wataoza tena kila mahali, na viwanda vya barafu vimebaki mapaa yenye kutu. Haya yote nilimweleza shangazi tukiwa tumekaa kwenye ukuta uliobomoka, Faki amefunikwa nyuma yetu.

"Watu wa bara watakula nini?" aliuliza yeye, kabla sijauliza mimi.

"Sijui. Wengine watakosa. Wengine watakula kibovu na kuugua, kwa sababu kizazi kizima hakijui kunusa samaki."

"Na ukiacha hivi hivi?"

"Bahari itaendelea kupauka. Miaka thelathini, arobaini. Kisha hatakuwepo samaki wa kuoza wala wa kutooza."

"Tume inasemaje?"

"Itakaa mwakani, labda."

"Na maji yatamfikia Faki lini?"

"Kesho kutwa."

Alitikisa kichwa. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na wanawake wenzake walikuwa mbali kule wameinama kwenye kamba zao, wanafunga miche.

"Sikulazimishi," akasema. "Mie nilikupa kigunia, sikukuuliza utakifanyia nini. Kosa langu ndo hilo. Leo nakuuliza: utamzika mume wangu, au utamhifadhi?"

"Shangazi, na mtoto wa Tabora anayekula jodari kwa sababu yangu? Yeye nimjibu nini?"

Alifikiri kwa kweli. Niliona anamtafutia yule mtoto jibu.

"Sina jibu, mwanangu," akasema. "Nina mume."

Nilikwenda kituoni kwa miguu. Njiani nilitamani mtu anikute, aniulize naenda wapi, anizuie. Hakuna aliyenikuta. Nilifungua kufuli mbili, nikachukua chupa moja, na kabla sijatoka niliandika barua kwa tume, kwa magazeti, na kwa idhaa zote nilizozijua. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba leo nafungua Kimya, kwamba kuna mwaka mmoja hivi kabla hakijaisha pwani nzima, kwamba barafu ianze kutengenezwa tangu kesho. Nikaandika jina langu kamili na namba yangu ya kitambulisho. Kisha nikaituma.

Mlimani walikuwa wameshamlaza Faki, wameshafukia. Kwetu maziko hayajakamilika mpaka kaburi lirushiwe maji, tangu kichwani hadi miguuni, mara tatu. Kopo lilikuwa tayari. Nikamimina chupa yangu ndani yake. Maji yakawa na ukungu kidogo, kisha yakatulia.

Maalim alichungulia. "Mna najisi humu?"

"Hamna, Maalim. Wamo viumbe tu, wadogo mno."

"Wanafanya nini?"

"Wanawaambia wenzao kwamba hawako peke yao."

Alinyoosha mkono kulichukua kopo, kisha akasita. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, halafu akaurudisha. "Hapana," akasema. "Aliyefunga ndiye afungue. Ingia."

Nikaingia, mwanamke, mbele ya wanaume wote wa Mtondooni, nikamwaga maji juu ya kaburi la Faki fundi barafu. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu nilisimama, kopo limeinama, na nikamwona yule mtoto wa Tabora ambaye sijawahi kukutana naye, amekaa mbele ya sahani. Nikamwomba radhi. Kisha nikamwaga.

5

Vuli ilianza wiki ile ile, ikanyesha haswa.

Sitasema kwamba yaliyofuata yalikuwa mepesi. Niliitwa majina ambayo mama yangu hakunipa. Mwanamke mmoja alinipigia kutoka bara, akanitukana kwa utulivu kwa dakika ishirini, na nilisikiliza mpaka mwisho kwa sababu kila neno lilikuwa haki yake. Tume, ambayo haikuweza kukaa mpaka mwakani, ilikaa siku tatu baada ya barua yangu, ikanitaka Unguja baada ya miezi miwili nikajieleze. Lakini mafundi walifika Mtondooni pia, wakavunja kufuli la kiwanda cha barafu, na ndani, ukutani, wakakuta michoro ya mashine yote kwa mkono wa Faki, imefunikwa karatasi ya nailoni, kila bomba limeandikwa jina. Alikuwa ameihifadhi. Hakuwahi kuniambia.

Siku ya arobaini tangu tumzike tena Faki tulisoma hitima. Asubuhi yake nilikuwa sokoni kununua samaki wa pilau nikasikia ukelele. Nilikimbia. Wanawake walikuwa wamezunguka meza moja, na katikati yake palikuwa na kibua mmoja aliyesahauliwa tangu juzi. Shavu lake lilikuwa kijivu. Jicho lilikuwa limeingia ndani.

"Kananuka!" alipiga kelele mwenye meza, kanga puani, anacheka na kulia. "Jamani, njooni mnuse, kananuka!"

Mabinti ambao hawakuwahi kuisikia harufu ile walikuwa wanakimbia huku na huku wanatema mate. Wazee waliinama juu ya meza wakivuta pumzi kwa macho yaliyofumba. Akaja nzi mmoja, wa kijani, sijui alikuwa amejificha wapi miaka yote, akazunguka mara mbili, akatua juu ya samaki. Hakuna aliyemfukuza. Tulisimama tunamtazama anavyopangusa mikono yake, watu wazima zaidi ya ishirini, kama tuko kwenye ibada.

Baada ya hitima, shangazi alitaka kupanda mlimani. Nilimshika mkono, tukapumzika mara nne. Tulisimama nje ya ua, kama desturi, na Maalim akaingia peke yake na kijiti cha kupimia. Tulimsikia anatembea. Tukasikia hatua zinasimama.

"Maalim?" shangazi aliita. "Kuna nini?"

"Limedidimia, Bi Kazija."

"Kiasi gani?"

"Shibiri. Shibiri nzima."

Shangazi alisimama pale, mkono wake ndani ya wangu, anahesabu kitu nisichokijua. Kisha akafungua lile fundo la ushungi wake alilokuwa akilifunga vile vile tangu siku tuliyomzika Faki mara ya kwanza, akaliachia likaanguka mabegani.

"Basi," akasema, "eda yangu imekwisha."

Akakaa chini pale pale kwenye udongo wenye unyevu, akalia kwa sauti, kilio cha siku ya kwanza, kilio kilichongoja miaka kumi na minane. Maalim alitoka, akamkuta. Hakumwambia akalie nyumbani.